Jua la Saa Tano

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa katika kitongoji cha ufukweni kaskazini mwa Kigoma, nikingoja jua. Ziwa mbele yangu lilikuwa limeshaanza kung'aa. Wavuvi waliokuwa mbali walikuwa ndani ya mwanga, hata rangi za mashati yao zilionekana. Mimi niliyekaa nchi kavu nilikuwa bado kivulini, na ubaridi wa alfajiri haujanitoka mgongoni. Kando yangu alikaa bibi mmoja ambaye jioni iliyotangulia nilikuwa nimemvunjia heshima mkwewe mbele ya watu. Bibi huyo alikuwa akiningoja mimi, kama mimi nilivyokuwa nikilingoja jua.

Nakusimulia haya kwa sababu nawaona ninyi vijana mnaojifunza kazi ya sola. Mteja akija, mnafungua simu, mnaandika jina la mahali, na simu inawaambia jua la huko ni kiasi gani. Si vibaya. Mimi mwenyewe naitumia. Lakini simu inaijua Kigoma kwa kuitazama kutoka mbinguni, na ukitazama kutoka mbinguni huoni ukuta wa mlima ulio nyuma ya nyumba ya mtu mmoja. Mimi wakati wangu sikuwa na simu ya namna hiyo. Nilikuwa na kitabu, na kosa nililolifanya kwa kitabu ndilo mtakalolifanya kwa simu msipoangalia.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Shule niliishia darasa la saba. Kazi ya redio nilifundishwa na mjomba wangu hapa Ujiji, ila sola nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu chembamba kilichong'oka jalada. Nilikisoma mpaka nikaweza kukiendesha kichwani. Nilijua kupima betri, nilijua unene wa waya kwa umbali wake. Kitabu hicho kilikuwa na hesabu moja niliyoipenda kuliko zote: chukua nguvu ya paneli, zidisha kwa saa za jua kali, utapata umeme wa siku nzima. Na kwa nchi yetu, kikasema, weka saa tano.

Kazi zangu za kwanza zilikuwa Mwandiga. Kule nchi imeinuka na kufunguka. Jua likitoka linakuona, likizama bado linakuona. Nilifunga paneli kwenye duka la mbegu, kwenye nyumba ya mchungaji, kwa kinyozi aliye karibu na kituo cha magari, na zote zikafanya kazi. Nilizielekeza mashariki ili zianze kula mapema kabla mawingu ya mchana hayajakusanyika. Kwa Mwandiga sikukosea. Kosa langu ni kwamba nilianza kuamini jua la Mwandiga ndilo jua lenyewe. Wazee walituonya tusisafirie nyota ya mwenzetu, nami nilidhani onyo hilo ni la mabaharia.

Nilikuwa na ugonjwa mwingine pia, nao ni wa maneno. Mtu aliyejisomesha hupenda aonekane amesoma. Nilikuwa nimesikia kwamba neno "masaa" si fasaha, kwamba saa ni saa, iwe moja au mia. Tangu siku hiyo sikumwachia mtu. Mteja akisema, "Nimekusubiri masaa mawili, fundi," mimi badala ya kumwomba radhi kwa kumweka, namsahihisha: "Saa mbili, ndugu yangu." Watu wa Ujiji ni wastaarabu, walicheka wakanyamaza. Usidharau jambo hili dogo, mwanangu, maana litarudi.

Ndipo akaja Mama Pendo. Alikuwa mama wa makamo, mwuza dagaa, ametoka kitongoji kile cha ufukweni ambacho hakifikiki kwa gari, ni boti tu kutoka mwalo wa Kibirizi. Mwanawe, Pendo, alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, mwenye kisukari kile cha watoto kinachotaka sindano kila siku. Dawa yake lazima itunzwe kwenye ubaridi. Kitongojini hapakuwa na umeme, kwa hiyo mtoto aliishi kwa mama yake mdogo huko mjini, mtaa wa Kasingirima, penye friji. Mama akileta dagaa mjini anashinda na mwanawe, jioni anapanda boti anamwacha. Sasa muuguzi wa hospitali alikuwa amemwambia: ukijua kudunga sindano, na ukipata friji isiyozimika, mtoto atakaa kwenu, awe anakuja kupimwa tu. Kudunga alikuwa ameshajifunza. Kilichobaki ni friji.

"Fundi, nataka friji isiyolala," akaniambia, akikaa kwenye kile kiti changu kibovu bila kukiogopa.

"Friji hailali, mama. Inayolala ni betri."

"Basi nipe betri yenye wivu, isiyofumba macho."

Tukacheka. Nikachukua kalamu. Nikamuuliza, kwa Kiswahili changu fasaha: "Kwenu jua mnapata saa ngapi?"

"Saa tano," akajibu pale pale.

Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. "Umeona? Hata kitabu kinasema saa tano."

"Kitabu kinapajua kwetu?"

"Kitabu kinajua dunia nzima, mama."

"Hicho sasa ni kitabu," akasema, akacheka tena. Halafu akaongeza, "Lakini mvua zikianza ni mpaka saa sita."

Hapo ndipo nilipotakiwa kuweka kalamu chini. Mvua zinaanza, halafu jua linaongezeka? Hata mtoto angeuliza. Mimi nilidhani mama wa watu amechanganya masika na kiangazi. Nikamsamehe moyoni, nikaandika tano. Tena nikajiona mwangalifu, kwa kuwa sikuandika sita.

Niliondoka Kibirizi na vifaa vyangu, nikafika kitongojini mchana, jua likiwa limeshaelekea upande wa ziwa, kali, linachoma bati. Nyumba ya Mama Pendo imejibanza chini ya genge refu la mwamba, na juu ya genge hilo kuna michikichi mirefu. Niliyaona yote hayo. Lakini jua likiwa magharibi, genge lililo mashariki halitupi kivuli kwenye nyumba, na mlima usio na kivuli mtu mwenye haraka hauhesabu kuwa mlima. Nikaifunga paneli upande wa paa unaotazama mashariki, yaani unaotazama genge lenyewe, kwa sababu ndivyo nilivyozoea Mwandiga. Nikamaliza kabla ya giza. Nikalala, nikapanda boti ya alfajiri, nikaondoka kabla jua halijatoka. Nilikuwa nimelala pale usiku mzima na sikuiona asubuhi yao.

Pendo akarudi kwao. Niliambiwa siku aliyofika aliweka sikio kwenye friji, akawaambia wenzake inakoroma kama babu. Watoto wakapanga mstari kusikiliza.

Wiki za kwanza zilikwenda salama, kwa sababu betri niliipeleka ikiwa imejaa, na betri mpya ina ukarimu wa mgeni. Baadaye Mama Pendo akanipigia. Ili apate mtandao ilimbidi apande mpaka juu ya genge, na nilimsikia anahema.

"Fundi, alfajiri naikuta imenyamaza. Inaamka mchana."

"Nani anachaji simu hapo?"

"Hakuna."

"Mama, betri haijinywi yenyewe."

Akasema sawa, atatazama. Atatazama nini, mwanangu? Nilikuwa nimemtuma amtafute mwizi ndani ya nyumba yake, na mwizi hakuwapo.

Akapiga tena. Safari hii hakuzungumzia friji. "Pendo anakunywa maji kupita kiasi. Jana ameshindwa kucheza."

Nikaogopa, maana kiu ya namna hiyo ni sukari iliyopanda. Nikafunga safari, nikafika tena mchana, kama mara ya kwanza. Jua linawaka, paneli inafanya kazi, waya zote nzima. Nikapima betri, nikaikuta ina njaa kama haijawahi kushiba tangu niondoke. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Niliirudia hapo hapo, ikawa sahihi. Basi kama hesabu ni sahihi, aliyekosea ni mtu. Nikainua macho, nikaona chaja ya simu imening'inia kwenye msumari. Mama Pendo alikuwa nje na wanawake wenzake, wanaanua dagaa. Nikatoka na ile chaja mkononi.

"Mama Pendo, hii ni nini?"

"Chaja yangu."

"Ya simu ngapi?"

"Ya hii yangu moja. Nachajia kwa mdogo wangu Kasingirima nikija mjini."

"Mimi nilifunga friji ya dawa," nikasema, na sauti sikuipunguza. "Sikufunga kibanda cha kuchajia simu. Mtoto anaumwa, wewe unafanya biashara."

Mwanamke mmoja alianza kucheka, akaacha katikati. Mama Pendo alishika ungo wake kwa mikono miwili. "Sijachaji simu ya mtu," akasema. Pendo alikuwa amesimama mlangoni. Ningependa kukuambia sikumwona. Nilimwona, ila sikumhesabu.

Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo wangu ulivunja kitu chenye mifupa.

Aliyenijibu ni Bibi Yustina, mama mkwe wa Mama Pendo, mtu mzima sana, Muha wa kale ambaye Kiswahili chake kilikuwa kinatembea polepole na hakijikwai. Aliuliza tu: "Fundi, ile boti yako ya alfajiri huwa inakuwahisha nini?"

"Kazi, bibi."

"Kesho kazi iko hapa. Utalala. Asubuhi utakaa na mimi."

Ndivyo nilivyojikuta juu ya ule mtumbwi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kipande cha muhogo wa kuchemsha, tukakaa. Kumbuka huku kwetu magharibi kunachelewa kucha. Redio ya Dar es Salaam ikisema habari za asubuhi, sisi bado tunatafuta viatu. Lakini asubuhi hiyo kulikucha kila mahali isipokuwa pale. Ziwa likang'aa kule mbali kwanza. Kisha nikaona mstari juu ya maji, upande wa pili mwanga, upande wetu kivuli, na mstari ule ukawa unatujia taratibu kama mtu anayevuta shuka. Kilikuwa kivuli cha genge. Ukafika kwenye mitumbwi iliyofungwa, ukapanda mchanga, ukafika miguuni petu. Wanawake walikuwa wameshatandaza dagaa wao chini kabisa, karibu na maji, na nikaelewa kwa nini hawatandazi karibu na nyumba.

Nikageuka kutazama paa. Genge lilikuwa limeshaliachia jua, lakini sasa jua liko ndani ya michikichi. Paneli ilikuwa na madoadoa ya mwanga, yanacheza upepo ukipita, na paneli yenye madoadoa ni kama ng'ombe anayekamuliwa huku ndama bado ananyonya. Tukakaa tena. Mwishowe bati lote likawaka.

"Hilo sasa ndilo izuba letu," akasema bibi, akiliita jua kwa Kiha. "Limefika saa ngapi?"

Nikatazama saa yangu ya mkononi. "Saa tano," nikasema.

Nilipoyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu, mwanangu, nilielewa. Mama Pendo alikuwa amenijibu kweli tupu. Nilimuuliza jua wanapata saa ngapi, akaniambia wanalipata saa tano, na mvua zikianza, jua likihamia upande ambako genge ni refu zaidi, wanalipata saa sita. Mimi nilikuwa nauliza wingi wa saa, yeye alijibu wakati. Ningesema "masaa mangapi," kama wasemavyo watu wote wa sokoni ambao nilikuwa nawasahihisha, asingekosea kunielewa. Na ningemwacha amalize sentensi yake juu ya mvua, ningejua. Nilikuwa nimefunga friji ya mtoto kwa jua ambalo halipo, nikaielekeza paneli kwenye genge, kisha nikamwita mama yake mwizi wa umeme.

Unajua nilisema nini? Nilisema, "Paneli imekaa vibaya."

"Imekaa," akauliza Bibi Yustina, "au umeikalisha?"

Nikaonyesha michikichi, nikasema ikikatwa ile ya mbele kidogo, jua litawahi. Wala sikuwa nimefikiri. Nilitaka tu kosa liwe la mti.

"Mawese ya michikichi ile ndiyo yaliyomlea mwanangu, baba yake Pendo, na ndiyo yaliyomzika," bibi akasema. "Umeshamwonea mkwe wangu. Sasa unataka na miti." Kisha akanigeukia kabisa. "Sikiliza, fundi. Kuuliza ukajibiwa na usielewe, hilo ni la kila mtu. Hata mimi Kiswahili kinanipiga chenga. Lakini kumwita mtu mwongo mbele ya wenzake, hilo hukulikuta hapa. Umekuja nalo kwenye boti. Basi usiliache hapa."

Ungedhani nilisimama pale pale nikamwomba radhi Mama Pendo. Sikufanya hivyo. Alikuwa ndani anamfungashia Pendo nguo, kwa maana mtoto alikuwa amelegea na haikuwezekana tena kungoja. Nikajiambia huu si wakati wake. Mtu mwenye aibu hakosi sababu ya kusubiri.

Tulipanda boti moja mchana huo. Mama alikaa mbele na mzigo, mtoto akakaa kando yangu kwa kuwa ndipo palipokuwa na kivuli cha turubai. Tulipokuwa katikati ya safari akanigusa mkono.

"Fundi. Mama anasema hakuchaji simu za watu. Wewe ulisema alichaji. Nani mwongo?"

Nilikuwa najua jibu. Nilikuwa nimelijua tangu jua lilipofika kwenye bati. Nikamwambia, "Mambo ya umeme ni magumu, mwanangu."

Akatikisa kichwa kama anayejaribu kuelewa, akageuka kumtazama mama yake kule mbele. Nimefanya makosa mengi tangu siku ile, lakini sijawahi kuona mtoto akimtazama mama yake hivyo, na mtazamo ule niliutengeneza mimi.

Hospitalini muuguzi aliitazama ile dawa, akaweka chupa kando. "Dawa iliyopata joto ikapoa, ikapata joto tena, siwezi kukuapia kwamba bado ina nguvu," akamwambia mama. Akampa nyingine, akamlaza mtoto mpaka alipopata nafuu. Lakini kitongojini asirudi mpaka friji iaminike. Pendo akarudi Kasingirima. Mama Pendo akapanda boti peke yake. Mimi nilimsaidia kubeba ndoo mpaka Kibirizi, na njia nzima tukazungumza habari za bei ya dagaa.

Siku zilizofuata sikufanya kazi yoyote ya maana. Nilifungua redio za watu nikazifunga tena. Nilikuwa naona uso wa mtoto yule. Hatimaye nikaenda Kasingirima. Nikamkuta Pendo anasugua sufuria uani na wenzake, amenenepa kidogo, anaamkia vizuri. Nikachuchumaa.

"Mama yako hakuchaji simu ya mtu," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekosea. Nilipima jua vibaya, halafu nikamsingizia."

Alifikiri. "Umemwambia mama?"

"Nitamwambia."

"Mbele ya wale?"

"Wale nani?"

"Waliokuwa wanaanua dagaa."

Nikasema ndiyo. Akarudi kwenye sufuria yake. "Basi nenda, fundi," akasema, kama mtu anayemtuma mdogo wake dukani.

Nilikwenda. Nilichagua wakati ule wanawake wote wako ufukweni, nikasimama kati yao na viatu mkononi, nikasema yote: kwamba Mama Pendo aliniambia kweli, sikumwelewa, sikuja kutazama, na niliposhindwa nilimtupia yeye. Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku mzima na yote yakatoka ovyo.

Yule mwanamke aliyeacha kicheko chake katikati siku ile ndiye aliyenijibu. "Hilo tulilijua siku ile ile, fundi. Tulikuwa tunangoja habari ikufikie."

Hapo walicheka mpaka mwisho, na nilistahili. Mama Pendo hakucheka. Alisema, "Nimesikia. Asante," akaendelea kugeuza dagaa wake.

Sikushika koleo siku hiyo. Nilikaa pale siku mbili, tangu gizani mpaka gizani, nikitazama kivuli kinavyokwenda, na nikamwomba Bibi Yustina anionyeshe kwa fimbo jua linapotokea wakati wa mvua na linapotokea kiangazi. Kisha nikasimika nguzo chini karibu na mchanga, mbali na genge, mahali ambapo mwanga hufika mapema zaidi na hukaa mpaka jua linapozama ziwani. Nikaongeza paneli ya pili kutoka dukani kwangu, nikaziinamisha kuelekea ziwani, nikavuta waya mnene mpaka ndani. Mvua zilipoanza nilirudi bila kuitwa. Nilikuta friji inakoroma alfajiri. Muuguzi naye aliporidhika, Pendo akarudi kwa mama yake, na hapo ndipo alipokulia.

Lakini sitakudanganya kwamba mambo yalirudi kama zamani. Mama Pendo alinipokea kila nilipokwenda. Alinipa maji, alinipa chakula, aliniita fundi. Ila yule mama aliyekaa kwenye kiti changu kibovu akaomba betri yenye wivu, yule hakurudi. Hakunitania tena maisha yake yote. Kuna vitu ambavyo ukiomba radhi vinasamehewa, na bado havirudi. Ndiyo maana hata leo, nikiyasema haya, natazama chini.

Basi mwanangu, shika maneno yangu. Usipange jua la mtu ukiwa dukani. Nenda kwake, tena nenda jioni ili uamke pale, uone mahali jua linapochelewa na linapowahi kuondoka. Tazama mlima, tazama mti, na uulize mti huo utakuwa na urefu gani miaka ijayo. Ukienda kiangazi, uliza habari za mvua. Ukienda wakati wa mvua, uliza habari za moshi wa nyika zinapochomwa, maana nao hufunika jua na simu haitakuambia. Paneli usiielekeze ulikozoea, ielekeze liliko jua la hapo. Na unapouliza, uliza kwa lugha ya unayemuuliza: mwambie akuonyeshe kwa mkono, jua likifika linasimama wapi. Jibu lake likionekana la ajabu, hilo ndilo uliulizie zaidi, kwa sababu penye ajabu ndipo ujinga wako ulipo.

Na kazi yako ikikataa, anza kujipima wewe. Rudia hesabu, kisha utilie shaka zile namba ulizoingiza ndani ya hesabu, kwa maana hesabu yangu mimi ilikuwa sahihi mpaka mwisho. Mtu awe wa mwisho kabisa kumshuku. Ukiwa umeshamshuku mbele ya watu, usitafute kona ya kumwomba radhi faraghani. Rudi pale pale, kwa wale wale, na usikawie, kwa sababu kila siku unayokawia kuna mtoto mahali fulani anayemtazama mama yake kwa shaka uliyoipanda wewe.

Mungu akupe macho yenye subira na ulimi mzito. Akupe wateja wanaokuambia kweli, na akupe moyo wa kuisikia hata ikija kwa maneno usiyoyapenda. Mikono yako ibarikiwe, na kazi yake isije ikampandisha mtoto wa mtu kwenye boti ya kumtoa kwao.